Lori Halitaingia Kuze

Vijana wa gereji mmeniambia niandike, kwa kuwa nikizungumza narukaruka. Haya, nimekaa. Kukaa ni kazi ambayo sijawahi kuiweza. Baba yangu alinisomesha Rabai ili niwe karani, na miaka miwili ya sekondari ilinitosha kujua kwamba kiti na mimi hatupatani. Nikaenda kupanda malori. Sasa nina miaka arubaini na saba, jicho langu la kushoto limekufa, na daktari ameniandikia cheti kisemacho kwamba sifai tena kushika usukani. Jicho la kulia linatosha kuandikia.

Mshahara sitautaja, maana kila mmoja wenu anajua ulivyo. Vyeo nilipewa kimoja, nacho kilichukuliwa asubuhi moja mbele ya watu, katika kichochoro cha mtaa wa Kuze. Nitafika huko. Lakini anayetaka kujua kwa nini nilifukuzwa lazima kwanza ajue nilivyofundishwa, kwa sababu nilifundishwa vizuri, na mafunzo yale mazuri ndiyo yaliyonitia matatani.

Nilianza nikiwa tanboi, yaani utingo, wa Fundi Athumani, mtu mfupi aliyekalia mto ili aone mbele. Siku ya kwanza nilidhani atanionyesha gia. Alinipeleka kwenye uwanja mtupu wa Kibarani, akawasha lori, akaniambia nilifuate kwa miguu. Nililifuata wiki nzima, mbele, nyuma, ubavuni, nikila vumbi. "Gari utalijua kwa nje kwanza," aliniambia. "Walio ndani wote hujiona wafalme." Alinifundisha kuchonga kabari ya mkoko na kuiweka chini ya gurudumu kabla sijagusa jambo lingine lolote. Alinifundisha kusikiliza rejeta ikianza kuchemka, na kushika boneti kwa kiganja kama mama anavyopima homa ya mtoto.

Na alinifundisha honi. Hii aliirudia kila siku. Kabla ya kona, honi. Kabla ya kurudi nyuma, honi. Penye watu, honi mara tatu. "Ukishapiga honi umeshasema," alisema. "Aliyesikia asiondoke, ana lake." Niliyashika maneno hayo miaka kumi na mitano, na nikawafundisha wengine.

Nilipopata lori langu mwenyewe nilizunguka nalo pwani na bara, Voi, Taveta, Malindi, sikulala mahali pamoja miezi miwili. Kila mji nilipofika nilikumbuka niliouacha. Tanboi wangu alikuwa Mzee Chengo, Mgiriama mwenye ndevu nyeupe na wajukuu saba. Ofisini walimwita boi vilevile. Kazi yetu ya kurudisha lori nyuma ilikuwa hivi: yeye alitembea nyuma, akapiga bodi kwa kiganja. Kofi moja, njoo. Makofi mawili, simama. Hatukuhitaji maneno. Katika miaka yote ile hatukuvunja hata taa.

Vita vilipoanza, wanajeshi walichukua maghala ya Kilindini moja baada ya jingine, na malori yao yakajaa barabara zote za kisiwani. Kampuni yetu, ambayo jina lake sitalipa heshima ya kuandikwa hapa, ikatafuta ghala Mji wa Kale, ikalipata ndani kabisa ya Kuze, mwisho wa kichochoro. Mwenye ghala alikuwa Mzee Mbarak, mtu mkubwa wa mtaa, mwenye duka la vitambaa hapo hapo. Ndipo nikapewa cheo: dereva mkuu, msimamizi wa safari za Kuze.

Kichochoro kile kiliwekwa kwa ajili ya watu na punda. Lori la tani tatu liliingia kama mkono katika soksi. Ndani hapakuwa na pa kugeuzia, kwa hiyo nililazimika kuingia kinyumenyume, Mzee Chengo nyuma akipiga bodi, nami nikipiga honi kama nilivyofundishwa. Katikati ya njia kulikuwa na nyumba ya Bi. Rukia, mjane aliyefundisha watoto Kurani sebuleni mwake. Watoto wa Kuze karibu wote walipita kwenye mikeka yake. Chuo chake kilitoka saa nne na nusu. Magunia ya mchele yalifika saa nne na nusu.

Mwezi wa kwanza ulipita. Niliona jambo, sikulifikiri: nikipiga honi, watoto hawakukimbia. Walikuja. Walimiminika kutoka chuoni na mbao zao za kuandikia, wakicheka, wakalizunguka lori, wakapiga bodi kwa viganja kama walivyomwona Mzee Chengo akifanya. Nikaongeza honi. Wakaongezeka.

Siku yenyewe nilisikia kofi, nikarudi. Nikasikia kofi, nikarudi. Kisha yakasikika makofi mengi pamoja, na katikati yake kulikuwa na mawili ya Mzee Chengo ambayo sikuyatambua. Nilichotambua ni sauti yake. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepanda juu ya mguu wa Maimuna, mjukuu wa Bi. Rukia, miaka saba. Aliishi. Vidole vya mguu ule havikuishi. Sitaandika zaidi kuhusu dakika zile, ila niseme kwamba kioo changu kilikuwa safi na nilikuwa nikikitazama.

Uchunguzi ulichukua muda mfupi kuliko kubadilisha gurudumu. Karani aliniuliza, "Ulipiga honi?" Nikasema nilipiga. Akaandika. "Basi huna makosa," akasema, akanikabidhi leseni yangu. Nilitoka nikiwa sina makosa, na leseni yangu mkononi.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa katika mkahawa Mwembe Tayari. Wakaingia wavulana sita wa kanzu na kofia, vitabu vya shule mkononi. Aliyetangulia alikuwa Swaleh, mwanafunzi wa sekondari wa miaka kumi na sita, ambaye kanzu yake ilikuwa imemfupia. Nilimjua kwa sura. Alikaa nyumba ya pili kutoka kwa Bi. Rukia na alisoma kwake alipokuwa mdogo.

"Shikamoo, Bwana Dereva."

"Marahaba. Kama mmekuja kunitukana, ngojeni nimalize chai."

"Hatukuja kukutukana. Tumekuja kukuuliza. Ukipiga honi, wataka watoto wafanye nini?"

"Waondoke."

"Na wao hufanya nini?"

Nikakitazama kikombe. "Huja."

"Kwa kuwa honi Kuze ni harusi," akasema Swaleh. "Gari gani nyingine imewahi kuingia mle? Gari ya bwana harusi hupiga honi toka mwanzo wa njia, na watu hutupa peremende. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikimbia. Bwana Dereva, mwezi mzima wewe wawaita."

"Na peremende huna," akasema mmoja wa nyuma. Swaleh akampiga kiwiko, lakini nilikwisha kusikia, na nilistahili.

Kama mnataka siku niliyojifunza udereva, ni ile, si ile ya Kibarani. Miaka kumi na mitano nilidhani honi ina maana moja dunia nzima. Sikuwahi kuuliza waliokuwa wakiisikia.

Wavulana wale walikwisha kuanza kazi kabla hawajaja kwangu. Waligawana nyumba, wawili wawili, wakazungumza na akina mama na nyanya mlangoni. Jioni baada ya shule waliwakusanya watoto wa chuo, mmoja akawa lori, akirudi kinyumenyume na kulia honi kwa mdomo, na watoto wakafundishwa jambo moja tu: honi ikilia, mgongo ukutani. Walilifanya mchezo. Aliyechelewa kuweka mgongo ukutani alitolewa. Katika wiki mbili ungepita Kuze ukakohoa tu, na watoto kumi wangejibandika ukutani wakikutazama kwa hofu.

Nilidhani kazi imekwisha. Swaleh hakudhani hivyo. Alikuja kwangu na kamba yenye mafundo. Alikuwa amepima upana wa lori langu siku limeegeshwa, kisha akapima kichochoro hatua kwa hatua. Penye mabaraza ya mawe mbele ya nyumba, kati ya bodi ya lori na jiwe palibaki nafasi ya kiganja kilichokunjuliwa. Mbele ya mlango wa Bi. Rukia palibaki pungufu ya hapo.

"Tunawafundisha wajiweke pa kufinywa," akasema. Hakuwa akipiga kelele. "Tunawaambia muwe na hadhari, na pa kuwa na hadhari hapana. Lori lisiingie. Lisimame barabarani, mizigo iingie kwa mikokoteni, kama ilivyokuwa."

"Wazee wamesemaje?"

"Mzee Mbarak asema watoto wa siku hizi hawana adabu."

Ijumaa asubuhi chuo hakikuwa na watoto. Nililitoa lori bila ruhusa, nikalipeleka Kuze tupu, bila honi, Mzee Chengo mbele na nyuma akisafisha njia, nikalisimamisha penye upana kidogo, karibu na baraza walipokaa wazee. Nikazima, nikashuka, nikamwambia Mzee Mbarak kwa heshima zote, "Mzee wangu, nakuomba upande ukae pangu."

"Mimi? Nipande lori uzeeni?"

"Panda, Mzee Mbarak," wakasema wenzake, "ukishindwa kushuka tutakuletea chakula huko huko."

Akapanda, kilemba kikagonga paa. Swaleh akasimama chini ya dirisha. "Babu, tazama kioo. Tazama nyuma vyema. Waona watoto wangapi?"

"Watoto wapi? Naona ukuta, na paka juu yake."

"Toa kichwa nje utazame."

Akatoa. "Hapana mtoto. Mwanicheza?"

"Shuka, babu, uje nyuma."

Walikuwa kumi na wanne. Swaleh alikuwa amewaketisha chini, kimya, mbao zao magotini, kama walivyo wakiinama kuokota kitu. Wa karibu kabisa na gurudumu alikuwa mjukuu wa Mzee Mbarak mwenyewe, miaka mitano, akimeza tende. Mzee alisimama akamtazama. Akamshika mkono, akamwondoa pale, na baada ya hatua tatu akarudi akawaondoa wengine, mmoja mmoja, ingawa lori lilikuwa limezimwa na halingeweza kwenda popote.

Wazee wakaandika barua kwa kampuni siku ile ile, Mzee Mbarak akitia sahihi ya kwanza. Waliomba jambo dogo: malori yaishie barabarani. Jibu lilikuja baada ya siku nne, lakini halikuja kwao. Lilibandikwa katika ukuta wa gereji yetu, kwetu madereva. Kwa kuwa kumetokea ajali Kuze, liliagiza, kila dereva atapiga honi mfululizo, bila kukatiza, tangu mwanzo wa njia hadi ghalani.

Nililisoma mara mbili. Mzee Chengo, ambaye hakujua kusoma, aliniuliza limesema nini. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema, "Sasa itakuwa harusi kubwa."

Nilikwenda Kuze nikamweleza Bi. Rukia na wavulana. Niliona aibu kuingia nyumba ile. Maimuna alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa, akisomewa na mwenzake. Bi. Rukia hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe, mwanangu, utafanya nini?" akaniuliza. "Hawa wavulana nimewalea, nawajua. Wewe sikujui."

"Sitaliingiza."

"Watakufukuza."

"Nimewahi kuacha kazi kwa sababu ndogo kuliko hii."

"Usinambie ulivyowahi," akasema. "Nitakuona kwa mato yangu."

Jumatatu nilipakiwa magunia thelathini ya mchele. Saa nne na robo nilifika mdomo wa kichochoro. Sikugeuza lori. Nilizima injini, Mzee Chengo akaweka mawe chini ya magurudumu, nami nikachomoa hendeli ya kuwashia. Wale mliozoea magari ya siku hizi mjue kwamba lori lile bila hendeli lilikuwa kabati. Nikatembea nayo mpaka mlangoni kwa Bi. Rukia, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaiweka juu ya baraza, akaikalia, akatandaza buibui lake.

Meneja alikuja kwa miguu, jasho likimtoka, pamoja na Kazungu, dereva mwenzangu.

"Mbona gari limesimama hapa?"

"Limefika."

"Limefika wapi? Ghala liko kule."

"Gari limefika, bwana. Magunia ndiyo bado."

Wavulana wakacheka. Walikuwa wamekuja wote, na wenzao wa shule, kama thelathini, wamejipanga pande mbili za njia. Hakuna aliyeshika jiwe wala fimbo. Swaleh alikuwa amewaambia atakayetukana arudi nyumbani.

"Ingiza gari," akasema meneja, "na upige honi kama ilivyoandikwa. Wewe umesoma. Hukusoma amri?"

"Nimeisoma vizuri. Ndiyo sababu siingizi."

"Watoto wafundishwe kujihadhari!"

"Wamefundishwa," akasema Swaleh, akanyoosha ile kamba ya mafundo mbele yake. "Tafadhali, bwana, nionyeshe nafasi ambayo mtoto atajihadhari. Upana wa lori ni hapa mpaka hapa. Njia ni hapa mpaka hapa. Mtoto tumweke wapi?"

Meneja hakuitazama kamba. Akamwambia Kazungu apande. Kazungu akapanda, akashika usukani, akakaa. Akashuka. "Hendeli iko wapi?"

Watu wote thelathini walitazama kila mahali isipokuwa kwa Bi. Rukia, na hilo likawa jibu. Meneja akamwendea.

"Mama, inuka kidogo."

"Niinuke nende wapi? Hapa ni kwangu." Alikuwa mtulivu kabisa. "Miguu yaniuma. Keti nawe, bwana, utaletewa kahawa. Utakuwa mgeni wa kwanza kutoka kampuni kuja kumwangalia mgonjwa. Yuwalala hapo ndani."

Mtu mzima wa kike hawezi kuinuliwa kwa mkono mlangoni pake, mbele ya Kuze nzima. Meneja alikuwa mgeni lakini hilo alilijua. Alisimama pale, na nyuma yake saa nne na nusu ikafika, watoto wa chuo wakatoka. Walipita katikati ya wavulana na mbao zao, wakaenda zao nyumbani. Hakuna aliyekimbia. Hapakuwa na cha kukimbilia.

Meneja akaweka karatasi juu ya boneti, akaandika kwamba nimefukuzwa kwa kukataa amri. Nikatia sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, baba angefurahi. Wakati huo Mzee Chengo alikuwa amekwisha kuleta mikokoteni mitatu ya hamali kutoka sokoni, na wavulana wakakunja kanzu kiunoni. Adhana ya adhuhuri ilipolia, magunia thelathini yalikuwa ghalani, na Mzee Mbarak aliyapokea mlangoni mwenyewe, akihesabu kwa sauti ili meneja asikie.

Siku ya pili Kazungu alipewa lori langu. Alifika mdomo wa kichochoro, akazima. Alipoulizwa, alisema hendeli imemponyoka mahali fulani, hajui wapi. Wa siku ya tatu naye ikamponyoka. Wiki ile ile wazee walichimbia nguzo ya mkoko katikati ya mdomo wa njia. Mkokoteni unapita, punda anapita, maiti na bwana harusi wanapita. Bwana harusi sasa hushuka na kutembea, na peremende zinatupwa vilevile. Amri haikubanduliwa ukutani. Ilibaki pale mpaka jua likaifuta.

Nilipata kazi kwingine baada ya miezi mitatu, kisha kwingine. Kila msimamizi aliitazama barua yangu ya kufukuzwa na kuuliza, "Wewe ndiye uliyekataa?" Nilijibu ndiye. Wengine walinirudishia barua. Wengine walikuwa na upungufu wa madereva.

Sasa mnaniambia niwape ushauri. Jifunzeni gari kwa nje. Kabla hujarudi nyuma, shuka, uzunguke, utazame chini kwa macho yako, hata kama msimamizi anapiga kelele na hata kama umechoka. Mahali usipopajua, uliza watu wa hapo honi yako wanaisikia vipi. Na karani akikuambia kwamba ulipiga honi kwa hivyo huna makosa, usimpe mkono.

Tangu Kuze nimekataa kuingiza gari mara mbili zaidi, moja Malindi na moja huko bara, katika njia ambazo watoto walikuwa wengi kuliko nafasi. Mara zote mbili nilifukuzwa. Watoto wa njia hizo siwajui majina. Wao nao hawanijui, kwa kuwa hakuna kilichowapata.